Ufunguo wa Banda la Boti

Nesi alitoka chumba cha kujifungulia, glavu zake zikichuruzika damu.

"Mheshimiwa, binti yako Nyamizi anavuja damu. Hapa zahanati hatumuwezi, avushwe Mwanza sasa hivi."

"Kwa mtumbwi gani?"

"Yote imepeleka dagaa soko la Kirumba. Lakini usiogope, boti yako ya wagonjwa si ipo bandani? Ufunguo unao wewe."

Ninao. Vipindi vitano bungeni niliwaahidi watu wa kisiwa hiki boti, na mwezi uliopita nikaizindua kwa ngoma na utepe. Injini niliazima kwa mvuvi wa Nyegezi. Watu walipotawanyika, akaifungua injini yake akaenda nayo. Nikatia banda kufuli, nikaondoka na ufunguo ili mtu asichungulie.

"Baba!" mwanangu aliita.

Akina mama wa kliniki walikuwa wameshambeba kwenye machela, wakiteremka naye mbio kuelekea bandani.

"Tangulia utufungulie, Mheshimiwa!"

Nikatangulia. Ufunguo ulinitoka mara mbili kwa jasho, na mara zote mbili bibi mmoja aliinama akaniokotea.

"Mungu akubariki, baba," alisema, "kwa kutukumbuka."