Kura ya Zamu ya Asubuhi

Eneida alipotia mkono kwenye mfuko wa kura, vidole vyake viligusa jiwe baridi kama barafu. Na joto lote lile la mji wa Barranquilla!

Kila mzazi alileta jiwe lenye jina la mwanawe. Watakaochomolewa watasoma asubuhi, waliobaki jioni, kisha Eneida alinganishe alama zao. Akimpendelea hata mmoja, utafiti wake umekufa.

"Toa basi, mwalimu! Unachagua nyanya?" Wazazi wakacheka.

Mama muuza aiskrimu hakucheka. Jana alimlilia Eneida: "Binti yangu akipangiwa jioni, atarudi gizani peke yake."

Eneida akalishika lile jiwe baridi; bila shaka lililala kwenye sanduku la aiskrimu. Akaliachia, akapapasa jingine.

Nalo baridi.

La tatu, barafu tupu.

Akainua macho. Akina mama wote walikuwa wanakagua viatu vyao.