Nakupa Lituhi

Mvua ilikuwa imekata barabara, kwa hiyo Mama Edina angeshuka ziwani kwa miguu kumtafuta binti yake, ambaye boti yake ilizama wiki tatu nyuma. Katika simu mbili za nyumbani angebeba moja.

"Beba kitochi," mumewe alisihi. "Chaji inakaa. Edina akipiga, akusikie mama yake."

"Kitendawili."

"Tega."

"Mtumishi wangu hukaa siku nne bila kula, ila safari hii simchukui."

Baba Edina alilijua jibu, akakataa kulitamka. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa Lituhi."

"Lituhi nilikwenda, nikawaonyesha wavuvi picha. Kitochi hakina picha, baba."

Akachukua simu ya kupapasa, akafungua picha ya Edina, akaikuza kwa vidole viwili mpaka uso ukapotea pembeni, ikabaki bangili ya shanga tu.