Nafasi ya Pili ya Duma

Zamani hizo wanyama walipokuwa na shule yao ya sekondari, Duma hakuwahi kuona mgongo wa mwenzake uwanjani, na kila mtu alikumbushwa hilo. Siku ya kumtuza mwanamichezo aliyeipa shule heshima maisha yake yote, alisimama hata kabla jina halijatajwa.

"Mwalimu Nungunungu!" akatangaza Tembo, mkuu wa shule.

"Huyo?" Duma akamaka. "Ameshinda mbio gani?"

"Ulipokuja hapa ukichechemea, nani alikuchomoa miiba ya nyayoni kwa mwiba wake mwenyewe? Nani akakufundisha kukata kona?"

Duma akanywea. Nungunungu alikuwa ameanza kujikongoja kuelekea jukwaani, na uwanja ulikuwa mpana. Duma akashuka kutoka viti vya watazamaji, akamfuata.

"Nipite, mwanangu, nitakuchelewesha."

"Sikupiti, Mwalimu."

Swala akaungana nao, kisha Pundamilia, kisha Mbuni. Mabingwa wa miaka yote wakatembea polepole nyuma ya kikongwe yule, na hakuna aliyethubutu kumpita.

Mpaka leo, ukimuuliza Duma ni mbio zipi anazojivunia, atakujibu kifua mbele:

"Zile nilizoshika nafasi ya pili."