Tanuri la Nne

Kwa mara ya pili muhula ule, wanachuo wa Historia walijaza fomu za kujipima, na kwa mara ya pili wakaweka alama ya vema kwenye kila mada. Wanajua yote! Mara ya kwanza ni Sekela peke yake aliyeweka alama ya kosa, kwenye ufuaji wa chuma wa kale, wakamcheka mpaka bwenini.

"Haya," akasema mkufunzi wao, Mwalimu Ngajilo. "Wahunzi walijuaje kwamba chuma kimeiva?"

"Walitumia mivukuto kupuliza moto!" darasa likajibu, kama lilivyokariri.

"Sikuuliza walitumia nini."

Sekela akasimama, nyusi zimeungua, akafungua kanga na kutua mezani bonge jeusi. Meza ikalalamika.

"Matanuri matatu yamenipasukia nyuma ya bweni, Mwalimu. La nne nikaacha kuchungulia moto, nikatega sikio. Chuma kikikaribia kuiva, ngurumo ya moto inapungua, taka zilizoyeyuka zinaanza kutokota kama uji mzito. Hapo ndipo unabomoa tanuri."

Mwalimu Ngajilo akaligonga bonge kwa ufunguo wake. Likalia kama chuma.

Alikuwa ameifundisha mada ile miaka kumi na tisa. Akachukua fomu tupu, akaandika jina lake mwenyewe, akaweka alama moja kubwa ya kosa kwenye mada hiyo. Kisha akampa Sekela chaki, akaenda kuketi benchi la mbele.

"Endelea, Mwalimu."

Sekela akageukia ubao. Nyuma yake, raba moja ikaanza kusugua alama kwenye fomu, kisha nyingine, kisha darasa zima.