Furu Kwenye Karai

Asubuhi hiyo Renatha alikuwa anarudi Misungwi, kwenye utafiti wa wadudu wa pamba aliousomea. Tangu ahamie utafiti wa samaki, ziwa lilikuwa halijamwambia neno.

Aliinama ufukoni amwachie huru furu jike aliyebaki kwenye karai. Samaki akafumbua kinywa, wakatoka watoto wembamba kama kope, wakaelea kwenye mwanga kana kwamba wanaota.

Mwenzake wa kazi akaja nyuma yake. "Ndugu Renatha, gari linakusubiri."

Kivuli cha mwenzake kikaangukia maji ya karai. Mara watoto wote wakageuka, wakarejea kinywani mwa mama yao, naye akakifumba taratibu.

Renatha akasogeza uso karibu na maji. Nani aliwafundisha njia?

"Waambie wa garini waende," akanong'ona. "Na wewe sogea kidogo, nataka watoke tena."