Muda Mrefu Kuliko Wote

"Usitie mkono wako humo, bosi. Nakusihi."

Meneja alicheka mpaka tumbo likatikisika. Mwanamke huyu naye! Kiwanda kizima kilimwita Bi Mbaya-Zaidi, maana kazi yake ya kuchambua programu za mashine ilikuwa hiyo tu: kutafuta siku ambayo kila kitu kitakwenda kombo kwa pamoja, na programu ichelewe kuliko ilivyowahi kuchelewa.

Mashine ya kukata mabati ilikuwa na jicho la taa. Mkono ukipita, programu inasimamisha kisu. Walikuwa wameijaribu mara elfu, na mara zote kisu kilisimama. Sasa wanunuzi wameshaketi, na huyu bado anang'ang'ania.

"Mara elfu si kitu, bosi. Mlango wa nyuma wa mashine ukifunguliwa na kitufe cha mafuta kikabonyezwa papo hapo mkono unapoingia, programu itashughulikia hayo mawili kwanza. Kisu hakitaisubiri."

"Na nani wa kufanya yote hayo kwa mpigo? Shetani?"

"Kwa mdogo wangu yalitokea."

"Mdogo wako alikuwa mzembe! Nilisema kwenye kikao, na leo narudia."

Meneja alimfukuza kazi yule binti akiwa bado na bandeji mkononi, pole hakumpa, na usiku ule Meneja alilala fofofo.

"Basi tumia kipande cha mti," Bi Mbaya-Zaidi alibembeleza, machozi yakimlengalenga. "Kuogopa si aibu. Mtu yeyote angeogopa."

Aogope? Yeye? Lo! Meneja huyu ukimkataza jambo ndio umemtuma, na hapo kiwandani hakuna asiyelijua hilo. Akavua saa, akakunja shati hadi kwenye kiwiko, akawageukia wageni.

"Mabibi na mabwana, nitahesabu hadi tatu, kisha natia mkono wangu mwenyewe. Huuhuu ninaolia chakula!"

Makofi yakalipuka. Kisu kikaanza kushuka na kupanda, kikikata mabati kama karatasi.

"Moja!"

Akamtafuta Bi Mbaya-Zaidi amkonyeze kidogo, amkomeshe. Kiti chake kilikuwa kitupu.

"Mbili!"

Labda amekimbilia chooni kulia, maskini.

"Tatu!"

Mkono ulikuwa umeshaingia alipomwona: kasimama nyuma ya mashine, macho makavu, mkono mmoja umevuta mlango, kidole cha mwingine kimezama kwenye kitufe cha mafuta.