Mfuko Usio na Jina

Mwaka 2024, msimu wa kuvuna mahindi, Mzee Wekoye wa Kabuchai aliuvunja uchumba wa bintiye akiwa amelala chali hospitalini, damu ya mtu asiyemjua ikimwingia tone kwa tone.

Alikuwa ameanguka kutoka juu ya trela la miwa, akapasuka paja. Kufikia Bungoma mjini alikuwa amekwisha kupauka kama unga, na daktari akaagiza aongezewe damu mara moja. Nasike, ambaye harusi yake ilipangwa Desemba, alisimama kando ya kitanda akiutazama mfuko ukipungua na uso wa babake ukirudiwa na rangi.

Hapo ndipo mchumba wake, Makokha, mwalimu kutoka Kitale, alipofungua kinywa. Alitaka kumfurahisha mkwewe mtarajiwa. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake.

"Mzee, mimi pia nilitoa damu kule Kitale mwezi uliopita. Tena kundi letu ni moja. Nani ajuaye? Pengine hiyo ni yangu!"

Mzee Wekoye aligeuza kichwa polepole. "Yako?"

"Pengine, Mzee."

"Yaani wewe umo ndani yangu?"

Nasike alimkanyaga Makokha mguu, lakini alikuwa amechelewa. Mzee alikwisha kuagiza aitwe mtu anayehusika na damu.

Alikuja Neelam, binti wa wenye duka la vitambaa pale mjini, ambaye kazi yake ilikuwa kusimamia akiba ya damu ya hospitali. Alieleza kwa upole kwamba mifuko yote inayotolewa Kitale na Bungoma hupelekwa kwanza katika kituo cha kanda, ikapimwa maradhi na makundi, ndipo igawiwe hospitali zinazohitaji. "Na mfuko huandikwa nambari, Mzee. Hauandikwi jina. Ndivyo tunavyoitunza siri ya mtoaji."

"Siri sikuulizi, binti yangu. Waweza kuapa kwamba hii si ya huyu kijana?"

"Kuapa siwezi. Wala siruhusiwi kuifuatilia nambari."

"Basi yatosha." Mzee alifumba macho kama hakimu aliyemaliza kesi. "Katika ukoo wetu, wenye damu moja hawaoani. Huyu sasa ni mwanangu. Nasike, msalimie kaka yako."

"Baba!"

"Baba Nasike," alisema Phelista, mkewe, aliyekuwa akimmenyea chungwa, "damu ya kuongezewa haidumu mwilini. Baada ya miezi michache huisha, mwili ukawa umetengeneza yake."

"Umeyajulia wapi hayo?"

"Mtu husikia," Phelista alijibu, akaendelea kumenya.

Mzee aliporudi Kabuchai na mkongojo wake, Nasike alitumaini kwamba jambo hilo lingesahaulika. Halikusahaulika. Mzee aligundua kwamba kupata mwana mtu mzima, tena bila kumlipia karo, kuna faida zake. Alimpigia Makokha simu: mwana mwema humsaidia babake kuvuna. Naye Makokha, akidhani utiifu ungeulainisha moyo wa mzee, alifunga safari kila Jumamosi kutoka Kitale, akavunja mahindi, akabeba magunia, na jioni akaketi na Nasike kupukuchua, kila mmoja upande wake wa turubai.

"Niaje, shemeji?" majirani walimwita kutoka njiani. "Ama ni kaka siku hizi, bana?"

"Ukiendelea kumtii hivi," Nasike alimnong'oneza, "nitaolewa na mtu mwingine na wewe ndiwe utakayepika chai ya wageni."

"Sasa nifanye nini? Nikikataa, ataniita mkaidi."

"Heri mkaidi kuliko kaka!"

Gunia la mwisho lilipoingia ghalani, Mzee Wekoye aliwaita wote uani. Mtamba ambaye watu wa Makokha walikuwa wamemleta kwa ajili ya posa alikuwa amefungwa kwenye mti wa parachichi, akitafuna bila wasiwasi.

"Mwanangu," Mzee alimwambia Makokha, "mrudishe kwenu mnyama huyu. Mahari ikipokewa, na baadaye ikajulikana kuwa ni ndugu waliooana, sharti irudishwe. Sheria ndiyo hiyo, nami siipindi kwa sababu ya machozi ya mtu."

"Lakini hakuna mwenye hakika, Mzee!" Makokha alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda.

"Ndiyo maana. Asiyeweza kuapiwa kwamba si ndugu, kwangu ni ndugu."

Nasike alimtafuta mama yake kwa macho, lakini Phelista hakuwapo. Alikuwa ameondoka kimya kimya kuelekea zizini. Aliporudi, alikuwa akimwongoza ng'ombe wake wa maziwa, yule aliyemnunua mwenyewe kwa kuuza mboga.

"Kaka," alisema.

Makokha aliitika kwa unyonge, "Naam, Mama."

"Sikukuita wewe." Phelista alipita mbele yake, akasimama mbele ya mumewe. "Baba Nasike, kila ninapokwenda Kitale kumwona dada yangu, ikiwa imetimia miezi inayotakiwa tangu nitoe damu mara ya mwisho, mimi hupitia kwenye kituo cha damu. Mwezi ule aliotoa Makokha, nami nilitoa. Na kundi langu ni hilo hilo lenu. Mpigie simu yule binti wa Bungoma. Akiapa kwamba iliyokuingia si yangu, nitanyamaza."

Mzee Wekoye alitia mkono mfukoni kutafuta simu, kisha akautoa mtupu.

"Ng'ombe uliowalipa kwetu walikuwa wengi, kaka yangu, nao watarudishwa wote," Phelista alisema, akamtia kamba mkononi. "Huyu ndiye wa kwanza."